Figa la Upande wa Ukuta

Mwalimu mkuu wa shule yetu pale Ikutha hakuhitaji cheti cha kuzaliwa. Kwake kipimo kilikuwa sikio. Kila Januari watoto wapya walipanga mstari kwenye baraza ya ofisi yake, na kila mmoja alipitisha mkono wa kulia juu ya kichwa akajaribu kushika sikio la kushoto. Vidole vikifika, mtoto amekua, anaingia darasa la kwanza. Visipofika, arudi nyumbani akachunge mbuzi mwaka mwingine. Wazazi tulisimama kando tukiwanong'oneza wetu, "Vuta! Vuta!"

Binti yangu alikuwa mrefu kuliko wote kwenye mstari. Mkono wake ungefika sikio na kulipita, lakini hakuuinua. Alikuwa anatazama kivuli cha mlingoti wa bendera. Alipoambiwa tena, alichuchumaa akaanza kupanga kokoto.

"Huyu hajafika," alisema mwalimu mkuu, akaenda kwa mwingine.

Nilijua saa ileile kwamba yule mtu ana lake jambo. Mtoto wa mzee wa kanisa, mfupi kama kigoda, alipindisha shingo mpaka sikio likaja lenyewe kwenye vidole, na akachukuliwa mbele ya macho yangu.

Siku hizi kuna neno, usonji, na watu wanalisema redioni. Wakati ule, miaka ya themanini, sisi tulikuwa na maneno ya watu tu. Mtoto hakuwa akisema. Alikuwa na mlio wa furaha na mlio wa hasira, na akiwa na kiu alijisugua shingo kwa kiganja. Alipenda ukwaju kupita chakula. Akimaliza kumumunya hakutupa mbegu, alizipanga sakafuni mstari mrefu kutoka mlangoni mpaka kitandani, na ukisogeza mbegu moja alilia mpaka akapoteza sauti. Hakupenda kushikwa na mtu, hata mimi niliyemzaa. Jirani mmoja alisema amerogwa. Mwingine alisema nilikula kitu kibaya nikiwa na mimba. Kanisani walitaka kumwekea mikono, na hao walikuwa watu wanane na mikono yao kumi na sita, kwa mtoto asiyevumilia hata mmoja.

Basi nikawa mtu wa kushuku, na sioni haya kusema hivyo. Mtu akija kuomba chumvi niliangalia macho yake yanaenda wapi. Akicheka njiani nilitaka kujua anacheka nini. Ukiwa na mtoto kama yule, kila salamu unaipindua uone chini yake.

Niliyemshuku kuliko wote nilikuwa naishi naye boma moja. Mama mkwe wangu hakuwahi kusema neno baya kuhusu mtoto, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Wengine walisema, nikawajua. Yeye alikaa nje ya nyumba yake akipukuchua mbaazi na kumtazama mjukuu wake, kutazama kurefu, bila kusema kitu. Nilimwita Mwaitu, yaani mama, kama mke yeyote wa Kikamba anavyopaswa, na nilimpelekea uji kila asubuhi. Lakini sikumwachia mtoto hata kwa muda wa kuteka maji.

Mume wangu hakuwa na shuku hata chembe. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, na mtu akimwambia mbuzi huyu ana mimba, aliamini. Tulikuwa na mbuzi wengi wasiozaa. Siku moja alirudi kutoka soko la Kanyangi akasema amesikia kuna mahali Kitui mjini wanapima watoto wenye shida ya masomo. Nilimuuliza aliyemwambia anapata nini. Akasema, "Mama, mtu ameniambia tu." Tukaenda.

Tulipokelewa na mwalimu mwanamke aliyevaa viatu vya mwanamume. Alikaa chini sakafuni na binti yangu, akampa vizibo vya soda, wakapanga mstari mmoja, yeye upande huu na mtoto upande ule, bila kuguswa mtu. Kisha akaanza kuniuliza. Analala vipi? Anakula nini? Anaogopa nini? Nilijibu nusu. Mtu mgeni anataka kujua mtoto wangu anaogopa nini ili afanye nini na habari hiyo?

"Mama," alisema, "huyu mtoto si mgonjwa na hajarogwa. Akili yake inapita njia ingine. Nitakuja kwenu, tusaidiane."

Alikuja kweli, kwa pikipiki. Alipitia kwanza shuleni kuongea na mwalimu mkuu, na nilipoambiwa wamekaa ofisini mlango umefungwa, nilihesabu kwamba sasa wamekuwa wawili. Walipotoka, mwalimu mkuu alisema hana ubaya na mtu. Januari ijayo mtoto apimwe kama wenzake. Akishika sikio, atamchukua. Asiposhika, ataongea na chifu apelekwe shule ya bweni ya watoto kama hao, mbali huko, kupita Machakos.

"Huko ndio wanajua hawa," alisema. "Atatunzwa, mama."

Nilimfikiria binti yangu kwenye bweni, anajisugua shingo usiku mzima, na mtu anayepita anadhani anajikuna.

Mwalimu yule wa Kitui alinionyesha la kufanya. Alisema nisimwambie ashike sikio mara moja, hiyo ni kazi kubwa kwake. Leo mkono uinuke mpaka begani tu. Ukifika begani, ukwaju kidogo na sifa. Akizoea, mpaka shavuni. Halafu utosini. Nisimlazimishe wala nisimchape. Na nimwonyeshe mwenyewe kwa mkono wangu.

"Hii ni kama kufunza mbwa, Madam," nilimwambia.

Alicheka. "Hata mimi nilisoma hivyohivyo, mama. Kwangu ilikuwa mandazi."

Sikucheka. Lakini alipoondoka nilianza siku hiyohiyo.

Nilimfundishia jikoni, mlango nimeufunga. Ningewezaje kufanya nje? Watu wangeniona nimesimama na mkono juu ya kichwa mbele ya mtoto asiyesema, na kufikia soko la wiki hiyo ningekuwa mchawi kamili. Kwa hiyo tulifanya kwenye giza la moshi, mimi na yeye. Yeye alichagua pa kusimama. Mguu mmoja aliuweka juu ya figa la upande wa ukuta, lile jiwe ambalo halikushika moto sana kati ya mawe matatu ya kupikia, na mwingine chini. Kila siku hapohapo. Nikimsogeza, kazi imekwisha. Nikamwacha.

Hata jikoni sikuwa na amani. Kwenye ukuta wa udongo, nyuma ya rundo la kuni, kulikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba. Niliziba kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Siku chache baadaye tundu lilikuwa wazi tena. Nikaziba tena, likafunguliwa tena, na udongo mbichi ulikuwa umeanguka upande wa ndani, kumaanisha aliyetoboa alikuwa nje. Nilimwambia mume wangu kuna mtu anatuchungulia. Akasema ni panya. Panya gani anatoboa ukuta kwa kimo cha kifua changu? Akasema labda panya mrefu. Nilimnyima mazungumzo siku mbili.

Mkono ulifika begani kabla ya mvua za Aprili. Ulifika shavuni tukipalilia. Kulipopukuchuliwa mahindi ulikuwa utosini, na siku moja, bila kuharakishwa, vidole vyake viliteremka upande wa pili vikalishika sikio. Nilikaa chini kwenye majivu nikalia. Nilimpa ukwaju wote uliokuwa kwenye bakuli. Tangu siku ile nilisema tu, "Sikio," nikainua mkono wangu, naye akainua wake, mguu juu ya figa.

Januari ikaja. Jumatatu asubuhi tulisimama kwenye baraza ileile, na nilikuwa nimejipaka mafuta kama anayekwenda harusini. Zamu yake ilipofika nilisema, "Sikio," nikainua mkono. Binti yangu alinitazama kama hajawahi kuniona. Alitazama sakafu ya saruji, akageuka huku na huku, akaanza ule mlio wa hasira. Mwalimu mkuu alijaribu kumshika mkono amsaidie. Hilo ndilo lilimaliza kila kitu. Alilala chini akipiga mateke mpaka mstari mzima wa watoto ukakimbilia uwanjani.

"Ijumaa," alisema mwalimu mkuu, akipangusa suruali. "Nampa mpaka Ijumaa kwa sababu ya yule Madam. Halafu naona chifu."

Mwalimu wa Kitui alifika Alhamisi mchana. Tulikaa nje, mimi, yeye, mume wangu, na mama mkwe na ungo wake wa mbaazi. Nilimwambia mbele ya wote kwamba njia yake ni ya uongo na kwamba amenipotezea mwaka. Hakukasirika.

"Ulimfundisha wapi, mama?"

"Jikoni."

"Huwa anasimama wapi?"

"Anakanyaga jiwe ya jiko."

"Basi yeye anajua sikio ya jikoni. Ya shule hajaijua bado. Tungekuwa na wakati tungemfunza pole pole. Lakini kesho… hiyo jiwe haiwezi kuenda shule?"

Mume wangu aliangalia viatu vyake. Mgeni asingeweza kujua. Mafiga ya nyumba hayang'olewi. Yanawekwa siku mke anapowasha moto wake wa kwanza, na kwetu aliyeyaweka alikuwa mama mkwe kwa mikono yake, mawe aliyoyaokota mwenyewe akanipa mimi. Figa linang'olewa nyumba inapokufa. Mwanamke akiondoka nalo, ameondoka kabisa. Nikafikiria, huyu mwanamke ananitaka nivunje nyumba yangu kwa mkono wangu, mbele ya mama mkwe, ili nani afurahi? Nilimwambia hapana. Mama mkwe aliendelea kupepeta.

Asubuhi nilisikia chuma kinagonga jiwe. Nilikimbia jikoni. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti kwenye jiko langu, panga mkononi, anachimba. Majivu yalikuwa yametapakaa kila mahali. Miaka yote ile ya kunyamaza, nikasema, kumbe ni hili. Anazika kitu. Siku mtoto wangu anapelekwa kupimwa, yeye anazika kitu jikoni kwangu.

"Mwaitu! Unafanya nini hapo?"

"Toka mlangoni, mwanangu, unanizuilia mwanga."

"Unazika nini?"

Alinitazama, uso wote majivu. "Nazika? Si unaona natoa?"

Alitia ncha ya panga chini ya figa, akaegemea, na jiwe likatoka na udongo wake. Lilikuwa figa la upande wa ukuta. Alilifunga kwa ukanda wa ngozi anaobebea kuni, akaweka ukanda kwenye paji la uso, akainuka akiguna.

"Chukua mtoto," alisema. "Hii niliweka mimi. Kama kuna ubaya ya kuitoa, ikuje kwangu."

Tulikwenda. Yeye mbele ameinama chini ya jiwe, mimi nyuma na binti yangu. Watu walisimama mashambani kututazama, na kwa mara ya kwanza sikuwa na nafasi ya kuwashuku, maana nilikuwa na swali moja tu kichwani. Jana nilisema jiwe la jiko. Sikusema ni lipi. Mafiga yako matatu. Nani alimwambia ni lile?

Mwalimu mkuu alitoka ofisini akaona bibi kizee anatua jiwe lenye masizi kwenye baraza yake iliyopigwa deki. Alifungua mdomo. Mama mkwe akamwambia, "Mwalimu, ngoja kidogo," na akangoja.

Binti yangu alilitazama jiwe. Aliinama akalinusa. Kisha akaweka mguu wake juu. Nilisema, "Sikio," nikainua mkono wangu. Mkono wake ulipanda pole pole, ukapita utosini, ukateremka, vidole vikalishika sikio la kushoto vikalikaza. Mwalimu mkuu alitazama kwa muda mrefu. Alisema, "Amefika," akaingia ofisini bila kutuangalia.

Binti yangu alininyooshea kiganja. Ndipo nilipokumbuka kwamba kwa zile kelele za asubuhi sikubeba kitu. Uso wake ulianza kukunjamana. Nikaona mkono wa mama mkwe unafungua fundo kwenye pindo la leso. Alitoa kipande cha ukwaju, kidogo, kadiri ileile niliyokuwa nampa, na hakumtilia mkononi. Alikiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua moja, akamwacha akichukue mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nafanya mimi. Hakuna mtu niliyewahi kumwonyesha.

Nilimgeukia. "Mwaitu. Ile tundu."

Alikuwa anajifuta masizi. "Ningekuomba niingie ungenikubalia?"

Jibu sote wawili tulilijua.

"Hata mimi nilikuwa nashika langu," alisema. "Kule nje. Nikisikia unasema sikio, nashika."

Figa lilibaki shuleni, kwenye kona ya darasa la kwanza, na binti yangu alikaa karibu nalo miaka mingi kuliko wengine wote. Mwalimu wa Kitui aliendelea kuja, akamfunza mambo ya shule taratibu, na mimi niliendelea kumuuliza anapata nini. Jikoni niliweka tofali mahali pa jiwe, na sufuria iliinama upande mmoja. Jumamosi ile mume wangu alichanganya udongo na mavi ya ng'ombe ili azibe tundu la panya wake mrefu. Nilimwambia aache.