Nilivyoutetea Mchezo Nisioujua

Jambo la kwanza nililofundishwa na Wakongo wenzangu nilipofika Durban, kabla hata ya kuonyeshwa pa kulala, ni hili: ukikutana na Mzungu, anza kwa Kifaransa. Asikudhanie wa hapa. Kifaransa kilitufungulia milango midogo midogo, nasi tulitamba nacho kama watu waliovaa suti ya kuazima. Leo nikikumbuka majivuno yale natamani kutapika.

Nilikuwa nimesomea sheria Lubumbashi. Durban nililinda magari mbele ya bucha moja ya Glenwood, na nikalala mtaa wa Point, chumba kimoja na wanaume watano. Mke wangu na binti yetu walikuwa wamekwama Lusaka, wakisubiri niwaambie kwamba nimepata chumba chetu. Mwaka ule sikutaka kitu kingine.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa mzee wa Kizungu, mstaafu wa bandari. Aliisikia bonjour yangu akafurahi, na tangu hapo nikawa naenda kwake kila Jumamosi kumwoshea gari. Jikoni kwake redio haikuzimwa. Kulikuwa na kipindi cha michezo, na mtangazaji wake alikuwa na kipaji kimoja tu: kuapa kwamba michezo na siasa havichangamani, kisha kuongea siasa saa mbili mfululizo. Timu ya raga ikishinda, ni uwezo. Ikishindwa, ni serikali, kwa kuwa imelazimisha mchezaji mmoja mweusi aingizwe kule pembeni. Wasikilizaji walipiga simu mmoja baada ya mwingine kulilia haki, watu walewale ambao maisha yao yote walishangilia timu iliyochaguliwa kwa rangi ya ngozi na hawakuona la kuuliza. Upumbavu mtupu, tena wa watu walioshiba.

Mzee aliyameza yote. "Wewe si kama hawa wetu," aliniambia. "Wewe una akili." Mama wa Kizulu aliyemfanyia kazi za ndani alikuwa palepale akipiga pasi, nami nikatabasamu.

Nilipomwuliza mzee kuhusu chumba, alisema huenda kimoja kule nyuma ya nyumba kikapatikana mwisho wa mwezi. Sikuuliza zaidi. Jumamosi iliyofuata alipiga simu kwenye kipindi, akapokewa, akawaambia kwamba ana Mwafrika hapa, tena mwanasheria. Kisha akanikabidhi mkono wa simu.

Nilifikiria chumba. Nikasema, kwa Kiingereza nilichokipaka Kifaransa makusudi, kwamba mimi ni Mwafrika na naona aibu mtu kupewa jezi kwa sababu ya ngozi yake, achaguliwe anayeweza. Raga yenyewe sikuwahi kuitazama hata dakika kumi. Mpaka leo sielewi kwa nini wanarusha mpira nyuma na huku wanataka kwenda mbele. Mtangazaji nusura alie kwa furaha.

"Mmemsikia?" alisema. "Hata wao wenyewe wanakubali."

Wao wenyewe. Kifaransa changu chote, na bado nilihesabiwa miongoni mwa walewale niliokuwa nawakimbia.

Nilipoweka simu chini, yule mama aliniita kaka kwa Kizulu, akauliza bila kuinua macho kwenye pasi, "Bhuti, umewahi kuuona huo mchezo?"

"Hapana, mama."

"Mwanangu anaucheza. Hayo maneno yako ndiyo anayoambiwa shuleni kila siku." Akaligeuza shati, akaendelea na pasi.

Kule Point, saluni nzima ya Wakongo wenzangu ilinipokea kwa makofi. "Vieux, tulikusikia ku radio!" kinyozi alipaza sauti. "Sasa uko muntu mukubwa!" Hakuna hata mmoja aliyeuliza nilisema nini. Kwao ilitosha kwamba Wazungu walinyamaza wakanisikiliza. Niliwadharau siku ile, nikakaa nikanyolewa bure.

Mzee alitimiza ahadi. Nilimpigia mke wangu simu apande basi, na mwisho wa mwezi nikaenda na begi langu. Nyuma ya nyumba mlango ulikuwa wazi. Ndani, kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani, na yule mama alikuwa anafunga godoro lake kwa kamba. Alikuwa ameishi humo miaka kumi na mmoja. Sasa mzee alikuwa amemwambia kazi anabaki nayo, ila atakuwa anakuja na teksi ya abiria wengi kila asubuhi kutoka KwaMashu, nje ya mji, kwa sababu amepata mpangaji wa maana.

Nilisimama mlangoni na begi mkononi. Ningeweza kugeuka. Mwanasheria mzima, mtetezi wa wanaostahili, nikaliweka begi chini palepale mlangoni.

"Mkeo anakuja na mtoto?" aliniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi kitanda usikiache kwenye ukuta huu. Mvua inaingia."

Alipokwisha kuondoka, nilikisogeza.