Perege wa Chini ya Friza

Mwalimu wa maabara alikuwa na mikono mikubwa iliyonukia limau, maana kila alipomaliza kushika samaki aliikamulia limau, kisha akajifuta kwa khanga kuukuu, ingawa taulo zilikuwepo. Nasra, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye siku hizi anauza samaki soko la Mafiga, bado anaisikia sauti yake ya chini, ya mtu wa milimani anayevuta maneno. "Samaki akifa, mwanangu, ndani ya nyama yake kuna kimeng'enya kisichopumzika. Kinabandua fosfati kwenye zile nyukleotidi zinazompa ladha, na utamu unaondoka polepole. Barafu inakichelewesha tu." Halafu alikuwa akiwaonjesha wanafunzi perege wa asubuhi na perege wa juzi, akiwatazama midomo.

Kuna siku umeme ulikatika tangu alfajiri. Friza ilipoanza kuvuja maji, mwalimu aliziruka sampuli zote za utafiti, akaingiza mkono hadi begani, akatoa mfuko wa nailoni wenye perege mmoja aliyekauka na kukunjamana kwa kukaa sana. Akamzungushia vipande vya barafu vilivyobaki, akamviringisha kwenye khanga ile. Nasra akauliza ni wa jaribio gani.

"Si wa jaribio. Huyu aliparwa na marehemu mke wangu, wiki ile aliyolazwa hospitali."

Nasra, kwa utoto, akamwambia kwamba samaki huyo utamu wote umeshamtoka.

"Najua, mwanangu," alisema, akikaza fundo la khanga. "Kaniletee barafu nyingine."