Pezi refu nililolichonga mimi, na mama yake Evaristi

Wakuu, heshima kwenu wote.

Juzi humu jukwaani nilikuta vijana wa pwani wanabishana kuhusu mapezi ya mbao za kupanda mawimbi. Lipi linaupa ubao spidi, lipi linaleta balansi. Mmoja akaandika kwamba pezi refu ndiyo mpango mzima.

Nikazima simu. Jambo hili nimekaa nalo tangu miaka ya tisini na sijawahi kulisimulia lote, hata kwa mke wangu. Leo naliweka hapa kama lilivyokuwa.

Wa kusema hii ni chai, kwamba nimetunga, waseme tu, sina ugomvi nao.

Mimi ni Muha wa Mabamba, Kibondo. Kazi yangu useremala. Wakati huo nilikuwa kijana na nilijiona fundi kuliko wote. Mtu akisifia kabati langu, siku hiyo hata salamu naitikia kwa maringo.

Ng'ambo ya mto ni Burundi, na miaka ile kule kulikuwa hakukaliki. Watu walivuka kuja kwetu, wakapokelewa, wakapelekwa makambini.

Mmoja wao alikuwa Evaristi. Alivuka peke yake, akapata kibarua kwangu cha kupiga randa. Mtu mpole, hata uji hanywi kabla ya kusali.

Zamani alifanya kazi ufukweni Bujumbura, akitunza mbao za wazungu za kuchezea ziwani, zile zenye tanga. Ndiye aliyenieleza kwamba chini ya ubao, kule mkiani, huwa kuna pezi. Yeye aliliita aileroni. Alisema bila hilo ubao hauna adabu majini.

Sasa mama yake alikuwa amebaki ng'ambo. Bibi wa watu hawezi kutembea vizuri, amefichwa na jirani karibu na mto. Kila jioni Evaristi alikuwa anakwenda kusimama ukingoni kutazama upande ule. Alitaka kitu kimoja tu, mama avuke.

Tatizo lilikuwa masika. Mto umejaa, na mitumbwi ya upande wetu ilikuwa imezuiwa kuvuka.

Tukaamua kutengeneza ubao wetu. Mrefu kuliko mtu, mnene, wa mti mwepesi. Mmoja apige magoti nyuma na kasia, mwingine akae mbele.

Mkiani nikatoboa tundu kwa patasi, ili pezi liingie na kubanwa kwa kabari. Hivyo tungeweza kulitoa na kuweka jingine.

Testi tulifanyia kwenye kona moja ya mto ambako maji yametulia. Wiki nzima. Nikiri kwamba ilikuwa wiki tamu, nilisahau kabisa kazi za wateja.

Bila pezi, ubao ulizunguka hovyo. Evaristi anapiga kasia kwenda mbele, ubao unaenda ubavu.

Tukaweka mapezi mawili madogo pembeni. Likang'oka moja siku hiyo hiyo.

Tukaweka moja fupi, pana, la shibiri moja. Hilo lilifaa, ila mkia bado ulikuwa unateleza kidogo na mkono unachoka.

Ndipo nikachonga refu. Shibiri mbili na zaidi, jembamba, limepinda kwa nyuma kama mundu. Wakuu, ule ubao ulinyooka. Ulikata maji bila kuyumba. Nililipiga msasa mpaka likang'aa, kana kwamba kuna mtu angeliona huko chini.

Evaristi alilishika, akaligeuza, akalipima kwa shibiri.

"Kaka, hili ni la maji ya kina," akasema. "Kule ufukweni tulikuwa tunaweka fupi."

Nikamjibu, "Mto huu naujua mimi. Nimezaliwa hapa."

Hakubishana. Alikuwa mgeni kwetu na anakula kwangu. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba mtu wa namna hiyo habishani.

Alivuka asubuhi. Kwenda alikwenda vizuri sana, mimi nimesimama ukingoni nimejaa sifa.

Kurudi, nikawaona wote wawili. Mama mbele, amejifunga kitenge kichwani, mikono ameshika kingo za ubao. Nikaona ubao umekaa chini majini kuliko nilivyozoea kuuona.

Wiki nzima tuliupima na mtu mmoja. Na wawili hatukuupima hata mara moja.

Karibu na ukingo wetu kuna mwamba umelala chini ya maji. Ninaujua tangu utoto. Pezi likaukwaa. Ubao ukasimama ghafla, na yule mama akatupwa mbele, kwenye mkondo.

Zilibaki hatua chache afike. Nilikuwa naziona kucha zake.

Evaristi alijitupa, mimi nikajitupa. Tulimpata kwenye mafunjo, chini kidogo, upande wetu. Alikuwa ameshafariki.

Tulimzika Mabamba, majirani wakasaidia kuchimba. Msalaba haukuwepo. Evaristi alilichomoa lile pezi refu kwenye ubao, akaliandika jina la mama yake kwa msumari wa moto, akalisimika kichwani pa kaburi.

Nilianza kuomba msamaha, akanishika bega.

"Alitaka kufika Tanzania," akasema. "Amefika."

Hajawahi kunilaumu. Ingekuwa nafuu angenitukana. Baadaye alihamia kambi ya Mtabila, kule Kasulu. Kambi ilipofungwa nikakosa habari zake.

Nilichojifunza ni hiki. Chombo kipime na mzigo kitakaoubeba, kwenye maji kitakakopita. Na anayejua akikwambia jambo kwa upole, usidhani hana uhakika.

Lile pezi fupi ninalo mpaka leo, lipo kwenye sanduku la zana. Kiangazi cha mwaka ule nililichukua nikaenda nalo kwenye ule mwamba, nikasimama hapo muda mrefu. Maji yalikuwa yameshapungua, hakukuwa na cha kupima.

Kwa hiyo wakuu, hasa nyie mnaojua mbao hizi, nauliza na ninataka jibu la kweli hata kama litaniuma. Watu wawili, ubao umezama vile, pezi la shibiri moja.

Lingepita?