Siku Niliyowaonjea Haluli Watu wa Ruangwa

Wengi walioiona aibu yangu wameshatangulia mbele ya haki (Mungu awarehemu, ingawa walicheka mno), kwa hiyo ningeweza kabisa kuinyamazia, lakini juzi shemeji yangu kaniuliza binti yake akisomea dawa atapata kazi gani, nikamwambia kazi zipo tele, kuna hospitali, kuna duka, kuna bohari, na kuna kujiharishia mbele za watu, ambayo mimi ndiye niliyeianza.

Nilihitimu kuchanganya dawa huko Dar es Salaam wakati kambi ya mashamba ya karanga ya Nachingwea ingali imechangamka, matrekta yananguruma kutwa, nikarudi kwetu kusini na cheti changu ndani ya bahasha na kichwa kimevimba. Duka moja la Lindi likanitaka nikauze dawa ya kikohozi kando ya sabuni na vibiriti, nikasema mimi si muuza duka. Misheni wakanitaka niwapimie dawa na Jumapili niwapigie kengele, nikawacheka. Nilichokitaka ni bohari ya dawa ya hospitali ya kambini: nyumba ya bati, koti jeupe, mizani ya shaba, na nisiongee na mgonjwa hata mmoja. Daktari wa kambi, Mzungu mwembamba asiyecheka, akasema vizuri, ila kwanza nikakae mwezi mzima kwenye zahanati ya Ruangwa, naye atakuja kunitazama nikiwa kazini, kisha ataamua.

Ruangwa nikamkuta Mzee Nandonde, mfunga vidonda wa miaka mingi, cheti hana, viatu hana. Nilimdharau siku ile ile. Na kilichonichefua zaidi ni mtindo wake wa kugawa dawa, maana watu wa kwetu ukimpa mtu kitu cha kunywa, uwe uji, uwe togwa, sharti unywe wewe kwanza akuone, ndipo apokee (mama yangu mwenyewe alifanya hivyo maisha yake yote, lakini mimi si nilikuwa nimesoma!), basi Mzee Nandonde alikuwa anachovya kidole, analamba tone moja, anatoa kikombe. Tone moja tu. Mlikumbuke hilo tone.

Siku ya daktari kuja ilikuwa siku ya haluli. Jana yake tulikuwa tumegawa dawa ya minyoo, na kila aliyeimeza ilimpasa leo anywe haluli, ile chumvi chungu ya kuharisha ili minyoo itoke. Nikavaa kaptura nyeupe iliyopigwa wanga mpaka inasimama yenyewe. Foleni imefika barabarani, na wa kwanza ni bibi mmoja aliyekuja kwa miguu toka Mbekenyera.

"Shikamoo, bibi. Kunywa."

"Marahaba, mjukuu wangu. Onja kwanza wewe."

Mzee Nandonde akanyoosha kidole chake, nikamzuia. "Acha, mzee, daktari asije akakukuta unatia kidole kwenye dawa. Mimi nitaonja kitaalamu." Na badala ya kugusisha mdomo, kwa majivuno tu, nikanywa kikombe kizima, nikafuta midomo kwa leso. Bibi akaridhika, nikamchotea chake toka ndooni akanywa.

Akaja mama mmoja wa kijiji cha Chunyu, nikanywa funda moja. Akakunja uso. "Bibi umemnywea kikombe kizima, mimi funda? Au changu ndicho chenye kitu?"

Ndoo ni ile ile moja, lakini nani anataka kusikia habari za ndoo? Nikanywa kikombe kizima. Wa tatu naye akadai cha kwake, na wa nne, na mimi niliyekariri kipimo cha mtu mzima mpaka nikasifiwa darasani nikaendelea kunywa kwa sababu niliona haya kumwambia Mzee Nandonde, "Njoo, baba, chovya kidole." Baada ya cha saba nikaacha kuhesabu.

Ndipo daktari akafika, akasimama mbele yangu na daftari.

"Unatoa nini?"

"Haluli, bwana daktari."

"Kazi yake?"

"Kusafisha tumbo, bwana daktari."

"Inachukua muda gani?"

Nikafungua mdomo nimjibu, tumbo likanitangulia. Choo kilikuwa nyuma kabisa, na njia ya kwenda huko inapita mbele ya foleni nzima. Nikakimbia nimebana mapaja na kaptura yangu ya wanga. Sikufika.

Nikamsikia yule bibi akipaza sauti. "Haya, jamani! Dawa ya kweli hii, imeanza na mwenyewe!" Na hata waliokuwa wanasitasita wakasukumana kuifuata ndoo.

Daktari alinikuta nyuma ya nyumba nimejifunga shuka la Mzee Nandonde. Akaniuliza nimekunywa vipimo vingapi. Nikasema sijui. "Bohari inataka mtu anayejua kupima," akasema, akapanda gari lake. Kazi ya Nachingwea akapewa mwenzangu wa darasani aliyekuwa akinakili majibu yangu, na mimi nikabaki Ruangwa miaka yote, nikichovya kidole na kulamba tone moja, na cheti kikaliwa na mchwa. Kikombe cha mtu sijanywa tena, wala sinywi.

Alasiri ya siku ile ya haluli nilikuwa nimekaa kizingitini mwa zahanati, nikiwatukana moyoni watu wote wasiosoma, yule bibi akaja na kibuyu cha uji. Akanikabidhi mkononi. Nilikuwa na njaa ya kufa, nao uji ulikuwa unanukia, lakini nikakishika tu kile kibuyu, nikimtazama.

Bibi akacheka, akakichukua, akanywa yeye kwanza.