Amplifaya Iliyonadi Godoro

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, mahindi yalikauka shambani na baba akafariki. Shule nikaiachia darasa la tatu. Nikawa nafagia kwa fundi redio wa mtaa wa Daraja Mbili, mjini, mpaka akachoka kunifukuza, akanipa chuma cha kuchomelea. Kwa hiyo sijasoma. Ninachojua nimekijua kwa vidole, na kwa kupigwa shoti.

Gitaa la kwaya yetu, huku juu ya Makumira, nalipiga mimi. Linapita kwenye amplifaya yangu ya valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani. Ni nzito. Vijana wanaiita friji. Waache waite, sauti yake hawana.

Sasa, kanisani kwetu asiye na hela analeta sadaka ya mayai, ndizi au jogoo, na ibada ikiisha tunavinadi nje. Kwaya hutoka ikiimba mpaka mnadani. Ili nami nitoke nikipiga, nilinunua waya mrefu wa taa za nyumbani, nikaunga gitaa. Amplifaya ikabaki ndani, mdomo umeelekea mlangoni. Miaka yote ilikwenda vizuri.

Halafu wakasimika mnara wa redio kwenye kilima cha jirani.

Jumapili ya kwanza mnadishaji aliinua jogoo, watu wakanyamaza kumpima kwa macho, na amplifaya ikasema kwa sauti nzuri ya kike: godoro la futi tano kwa sita, bei ya ofa. Bibi mmoja akanyoosha mkono.

"Hilo langu," akasema. "Liko wapi?"

"Bibi, hapa kuna jogoo tu."

"Jogoo namlalia? Mimi nimesikia godoro."

Waumini walicheka mpaka mchungaji akageukia ukuta. Mwalimu wa kwaya, mama wa Kichaga anayeuza vitenge mjini, hakucheka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema."

"Jumapili ijayo hilo friji likiongea tena, tunaweka kinanda. Gitaa utapigia ng'ombe wako."

"Ng'ombe wangu wana masikio kuliko kwaya yako, mama."

Nilijibu hivyo, lakini amplifaya nikaipeleka nyumbani siku hiyohiyo. Kwaya ile nimeipigia tangu nina nywele.

Nyumbani nikawasha. Yule dada wa redioni akaanza kusoma salamu. Nikachomoa waya wa gitaa: kimya. Basi, nikajua anapoingilia. Waya wa taa hauna kinga, na ukiwa mrefu vile ni antena. Nikaweka mfupi, ule uliovikwa wavu wa shaba. Dada akabaki akinong'ona kwa mbali.

"Bado yupo," mke wangu akasema toka jikoni. "Mwambie akaribie tule."

Nikachomoa amplifaya ukutani, nikasubiri, kisha nikatoa umeme uliobaki tumboni mwake, maana ule unaua hata ikiwa imezimwa. Nikachomelea rezista moja, kile kijidude cha kuzuia umeme, kwenye mguu wa valvu ya kwanza, palepale sauti inapoingilia, bila kuacha mkia wa waya utakaoidaka redio tena. Muziki unapita, redio inagonga mlango na kurudi. Nikawasha. Nikasikia ng'ombe akicheua nje.

Ikabaki shida moja: kwa waya mfupi sifiki mnadani. Jumapili nikaipakia amplifaya kwenye toroli, wazee wawili wa kanisa wakaisukuma taratibu kwa ajili ya valvu, nami nikipiga pembeni, na waya wa umeme ukiburuzika nyuma yetu. Jogoo akainuliwa. Watu wote, mnadishaji pia, wakageuka kuitazama amplifaya. Haikusema kitu.

"Godoro limeisha?" bibi akauliza.

"Limeisha, bibi."

Akamnunua jogoo, akiwa amenuna. Mwalimu wa kwaya akanijia. "Mzee, wimbo wa kufunga tunaanzia wapi?"

"Palepale pa siku zote," nikamwambia, nikaanza.

Leo nina nyumba ya matofali, migomba, kahawa kidogo, ng'ombe wawili wa maziwa, banda la kutengenezea redio, toroli, gitaa, amplifaya ya valvu, na nafasi yangu kwenye kwaya.