Kilio Bila Mufu

Mujukuu wangu anafundishaka bale benye kutaka kukuwa badocta. Nasema hii na kifua mbele, miye mwenye masomo yangu iliishia ku kuandika jina yangu. Kazi yake njo kubaonyesha namna ya kuongea na mugonjwa: ikala, muangalie mu macho, nyamaza, mwache alie. Banafunzi banamupenda. Kila mwenye moyo inamuuma anaenda kulia mu biro, chumba yake ya kazi, mupaka baprofesa benzake. Na yee anasikiliza. Anasikiliza tu.

Mwaka huu, mu wakati ya mvua, alitoka kwake Makomeno, akakuja kwangu Kamalondo, akalala. Kuoga, apana. Kula, apana. Nikamutania vile tunataniaka bajukuu banamuke:

"Weye muke mwenzangu, unakuja kulala mu nyumba ya bwana wetu, na hata kufagia hufagie?"

Zamani angenitukana mupaka tucheke bote. Aliangalia ukuta.

Docta mumoja, mwenzake wa kazi, akapiga telefone: ni depresio, ugonjwa ya kweli, aende bamutunze. Mujukuu akakataa. "Kambo, bibi yangu, batanicheka. Batasema mwenye kufundisha moyo ya bengine, yake imemushinda."

Nilichoka. Ku miaka yangu, kubeba mutu mukubwa si muchezo. Maneno ya badocta sina. Kenye najua ni kilio, matanga ya mufu. Ku kilio hakuna mwenye anakuambia simama, kaza moyo. Banaikala chini na weye, basi. Asubui nikatandika mukeka ku baraza, nikamukokota, nikafunga kikwembe mu kiuno, nikaikala naye chini, mukono ku shavu.

Lakini Kamalondo iko na macho. Hata maji ya chai haijachemuka, jirani yangu alikuwa anaingia mu lupango, kiwanja ya nyumba yangu, analia tayari, mufuko ya makala ya kupikia ku kichwa, ya kusaidia kilio.

"Yooo, mama yangu! Ni nani?"

"Hakuna."

"Hakuna namna gani? Mukeka iko, kikwembe iko. Mufu iko wapi?"

"Hakuna mufu. Mutoto amechoka. Ikala."

Akafuta machozi na hasira. "Basi nirudishe makala yangu?"

"Weka hapo. Utalia juu ya muzima, haitakuua."

Bengine bakafika, na unga, na majani ya sombe. Ule wa makala hakunyamaza: "Profesa mukubwa hivi, na mutokaa yake, anakosa nini?"

"Anakosa masikio," nikamujibu. "Yake bamemumalizia."

Pale mujukuu wangu akacheka. Kicheko kidogo, kibaya, sawa mutu anakohoa, halafu kikageuka machozi. Akaweka kichwa ku magoti ya ule ule wa makala.

"Nimechoka kukuwa muzuri kwa bantu," akasema.

Na bale bamama, benye midomo ya kusengenya sijaona ingine, hakuna mwenye aliuliza kitu. Bakaikala mupaka jua ikashuka.

Wakati ya kuondoka, wa makala akasema: "Kilio yote inaishaka. Hii tunaimaliza lini?"

"Kesho," mujukuu akajibu. "Nikienda ku docta."

Kesho yake alikataa kutoka mu kitanda. Siku ya kufuata nikamuogesha miye mwenyewe, tukaenda. Mu kuluwari, njia ya ndani ya hopitali, tukakuta banafunzi bake bamesimama.

"Bonjour, profesa! Munakuja kutufundisha?"

Mukono yake ikakamata yangu mupaka mifupa ikaniuma. Nikasema mu roho: sasa anarudia ku nyumba.

"Apana, banangu. Leo nakuja sawa mugonjwa."

Tukaikala ku banki ya mbao ya kungojea, pamoja na benye kukohoa. Hakuna mwenye alicheka. Mumoja akachuchumaa mbele yake, akamuangalia mu macho, akanyamaza.

Hajapona. Kuko siku dawa inafanya kazi, kuko siku anaangalia ukuta, na miye magoti inaniuma juu ya kuikala chini. Mukeka ingali ku baraza. Ule wa makala anapitaka kila asubui, anachungulia:

"Kilio haijaisha?"

"Haijaisha. Ingia."