Kandambili za Mzimu

Kosa langu la kwanza katika kutengeneza filamu lilikuwa kumshuku kila aliyecheka. Umri wangu hauniruhusu kukuita mwanangu, kwa hiyo nitakuita mdogo wangu, nawe uzivumilie nasaha za mtu ambaye ndevu zake bado zinahesabika.

Kazi hii nilijifunza peke yangu, kwa simu. Sikuwa na mwalimu wa kuniambia "hapo inatosha", basi nikawa mtu asiyetosheka. Filamu yangu ya kwanza ilikuwa ya kutisha: bibi aliyekufa anarudi kuwasumbua wajukuu walioacha shamba lake la zabibu likauke. Bibi aliigizwa na rafiki yangu Ndahani, kwa shuka jeupe na unga wa sembe usoni. Upepo wa Dodoma unaujua. Ulilipeperusha shuka, zikaonekana kandambili zake, moja nyekundu, moja ya bluu. Mimi sikuziona mpaka filamu ilipoonyeshwa kwa Mama Sauda.

Huyo ni mama wa Kondoa mwenye banda la video huku kwetu Chang'ombe ya Dodoma. Jumapili ile mzimu ulipotokea kati ya mizabibu, watoto walifunika macho. Kisha banda zima likaangua kicheko. Wiki iliyofuata wakarudi walewale, na ndugu zao, wakingoja pale pale ili wapaze sauti pamoja: "Bibi, hivyo viatu ulizikwa navyo?"

Mdogo wangu, mimi niliketi nyuma nikisoma visogo, nikaona njama. Kwa nini mtu arudie filamu mbovu, kama hajaja kumcheka aliyeitengeneza? Kwa nini Mama Sauda aiweke tena na tena, kama hapendi niaibike? Na Ndahani ana viatu vyake vya ngozi vya kanisani. Kandambili zisizofanana za nini? Nikamkabili mbele ya watu, nikamwambia ameniharibia kwa makusudi. Alinitazama, akapangusa mikono, akaondoka. Tangu hapo tukawa tunapishana njiani kama wageni.

Nikaikata sehemu ile, nikaweka muziki mzito, nikampelekea Mama Sauda filamu safi. Watu walitazama kimya, wengine wakatoka kabla haijaisha. Hata kimya kile nilikishuku. Mkamia maji hayanywi, na mimi niliyakamia mpaka yakamwagika.

Banda lilipobaki tupu nilimwamkia Mama Sauda, nikamuuliza nani aliwapanga wanisusie. Aliitikia marahaba, akaendelea kunyoosha mabenchi. Halafu akasema, "Keti. Siku ya msiba wa baba Sauda tulikuwa tunalia uani, mara akaingia yeye mwenyewe. Kanzu yake, kofia yake, anachechemea vilevile. Damu ilinikauka. Kisha nikaona miguu: raba za mtani wake, aliyevaa nguo za marehemu kutuchekesha, kama ada ya watani msibani. Mwanangu, nilicheka na machozi hayajakauka. Unafikiri nilimcheka marehemu?"

"Hapana, mama."

"Au mtani?"

Akalisukuma benchi la mwisho mahali pake.

"Bila zile raba ningezimia. Kila mtu ana kifo chake nyumbani. Anakuja hapa aogope kidogo, kisha aione miguu. Wewe umewakatia miguu. Nenda kwa mwenzako."

Ndahani nilimkuta anagongelea mlango wa banda la kuku. Akaniuliza kama nimekuja kukagua viatu. Nilimwomba radhi, ndipo akaniambia: siku ya kurekodi nilimpigia simu akiwa anaoga, nikimharakisha kabla jua halijazama. Akatoka na alichokikuta mlangoni. Aliyemvalisha kandambili zile ni mimi.

Mdogo wangu, ukimchunguza sana bata hutamla. Filamu hizi za kutisha za bei chee, zenye mizimu ya unga wa sembe, watu hawazichoki kwa sababu zinawaruhusu kukicheka kile kinachowatetemesha. Basi usimshuku anayerudi. Anayekudharau haji mara ya pili na ndugu zake. Na ukiona kasoro, kabla hujamtafuta adui, jiulize nani alikuwa anaharakisha.

Mungu akujalie watazamaji wenye sauti, na rafiki atakayeitika hata kama viatu havifanani.

Kandambili nimezirudisha kwenye filamu. Shaka bado hunijia watu wanapocheka, lakini sasa Ndahani hukaa kando yangu, na mara nyingi yeye ndiye anayeanza.